Sekunde Kumi za Bi Zawena

Jina la nchi hii halitatajwa, kwa kuwa nchi nayo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na siri ya mgonjwa haitolewi. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na mmoja, na kwamba kwa mujibu wa takwimu zilizopigwa muhuri hakuna anayeumwa humo. Msomaji akihisi amewahi kupita huko, au kwamba shangazi yake anakaa huko mpaka leo, hayo ni mawazo yake na ayaangalie mwenyewe.

Katika kata ya Mtakuja ya nchi hiyo alikuwepo muuguzi aitwaye Bi Zawena Kitwana. Alikuwa ameitumikia zahanati ya kata miaka thelathini na mmoja, na sifa yake haikuwa sindano wala vidonge, maana vidonge vyenyewe vilifika pale mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo vilikuwa vya mifugo. Sifa yake ilikuwa kunyamaza.

Watu wa nchi ile ni waungwana mno. Mtu analetwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwake, mguu umevunjika mara mbili, na Bi Zawena akimwuliza, "Hujambo?" hujibu, "Sijambo." Akiulizwa habari za nyumbani, husema salama. Akiulizwa habari za tangu juzi, husema nzuri tu, tunashukuru. Kumtwisha mwenzio maradhi yako kabla hamjamaliza salamu, kwao, ni ukosefu wa malezi, na wapo waliokata roho wakiwa bado kwenye salamu, wakasifiwa matangani kwa adabu yao.

Bi Zawena hakuwalaumu, naye alilelewa hivyo hivyo. Aliwafundisha wauguzi wachanga hivi: "Sijambo ya kwanza ni ya adabu. Ya pili ni ya aibu. Baada ya hapo ufunge mdomo wako, umtazame, uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Halafu umwambie, 'Enhe?' Hapo ndipo atakapokwambia 'ila'. Maradhi yote ya nchi hii yamekaa nyuma ya hiyo 'ila'."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sijambo, ila hiki kifua. Salama, ila mtoto hajanyonya tangu jana. Nzuri tu, ila mume wangu akilewa hunipiga hapa, na pale. Bi Zawena aliyaandika katika daftari lake kama yalivyosemwa, bila kuyanyoosha, na kwa daftari hilo na zile sekunde kumi aliokoa watu wengi kuliko hospitali ya mkoa yenye lifti.

*

Siku moja msafara wa magari tisa uliingia Mtakuja. Aliyeshuka kwenye gari la tatu alikuwa Waziri wa Afya na Taarifa za Afya, Mheshimiwa Dakta Sospeter Lubango, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na alitunukiwa na chuo cha usafirishaji. Alipanda juu ya meza ya zahanati, kwa sababu jukwaa lilikuwa limechelewa, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Ugonjwa ni nini? Ugonjwa ni ukosefu wa taarifa! Mgonjwa asiye na taarifa ni mgonjwa. Lakini mgonjwa mwenye taarifa, ndugu zangu, huyo ni mzima anayesubiri kuthibitishwa!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa walikuwa waungwana.

Waziri akaeleza kwamba Serikali imeunda Mfumo wa Taifa wa Kujuliana Hali. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, simu ya kila raia italia, naye ataulizwa hali yake. Atajibu. Jibu litakwenda kwenye kompyuta kubwa mjini, ndani ya jumba lenye viyoyozi kumi na viwili, nayo kompyuta itajua nani anaumwa, anaumwa nini, na apelekewe dawa gani. Kaulimbiu ilikuwa: Ulizwa, Jibu, Pona.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Katika majaribio, raia waliposikia sauti ya mashine waliikatia simu, wakidhani ni watu wa bahati nasibu. Ndipo wizara ikafanya utafiti kujua ni sauti gani raia wanaiamini. Matokeo ya sauti za mawaziri hayakutangazwa. Ila katika kata zote ambazo barabara ilipitika, na hizo zilikuwa nne, watu walitaja sauti moja.

"Mama," Waziri alimwambia Bi Zawena, akiwa ameshamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, "sauti yako itafika ambako miguu yako haijafika. Kule ng'ambo ya mto, kwa wale wanaojifungua peke yao. Wewe ndiwe utakayewaamsha na kuwajulia hali. Nchi nzima itakuwa zahanati yako."

Bi Zawena aliwaza watu wa ng'ambo ya mto, akalengwa na machozi. Akaweka sahihi. Mkataba ulikuwa na kurasa sabini na mbili, naye alisoma ya kwanza, iliyosema kwamba makubaliano haya yanafanywa kwa moyo wa upendo.

*

Walimrekodi siku tatu mjini, katika chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani. Aliyemrekodi alikuwa mhandisi wa Mfumo, Injinia Lwitiko, kijana mwenye adabu, kila alipoingia alisema "Shikamoo, mama" hata kama alitoka nje dakika moja tu kuchukua waya.

Alisema "Hujambo?" mara mia mbili. Alisema "Habari za asubuhi?" kwa wazee, kwa wazazi, kwa vijana. Alipomaliza, Lwitiko alitaka kuzima mitambo.

"Bado," alisema Bi Zawena. "Hapo ndipo penyewe panapoanza. Weka sekunde kumi za kimya, kisha nikurekodie 'Enhe'."

"Kimya tukirekodi vipi, mama?"

"Kaa hapo. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

"Habari za kazi?"

"Nzuri tu."

Bi Zawena akanyamaza, akimtazama. Lwitiko alitabasamu, akatazama mitambo, akatazama viatu vyake, akakuna shingo. Zilipotimia kumi, Bi Zawena akasema, kwa ile sauti ya chini iliyoinuka kidogo mwishoni, "Enhe?"

"Ila silali, mama," Lwitiko alisema. "Tangu baba afariki silali. Huu ni mwezi wa saba." Akalia pale kwenye magodoro, na Bi Zawena akamshika bega mpaka akamaliza. Alipojifuta uso alisema hajapata kuona chombo cha namna hiyo maishani mwake, na kwamba hicho lazima kiwe moyo wa Mfumo. Basi wakarekodi "Enhe?" arobaini tofauti: ya mama mwenye mimba ya kwanza, ya mzee mwenye kiburi, ya msichana anayeona haya. Bi Zawena akarudi Mtakuja na sauti imemkauka na moyo umejaa.

Wakati huo Kamati ya Salamu ya wizara ilikuwa inakaa mwezi wa pili ikijadili kama Mfumo uwaamkie wazee shikamoo. Wajumbe wengine walisema Mfumo umezaliwa juzi, hivyo uwaamkie watu wote, hata watoto wachanga. Wengine walisema Mfumo ni Serikali, na Serikali haina mkubwa wake. Wakaafikiana kwamba kila mtu aambiwe hujambo tu, kisha wakalipana posho.

*

Asubuhi ya uzinduzi simu ya Bi Zawena ililia saa kumi na mbili kamili. Akaipokea, akasikia sauti yake mwenyewe, changamfu, imelala vizuri kuliko yeye.

"Hujambo, Zawena?"

"Sijambo," alijibu, akicheka.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri tu." Akatulia, akaanza kuhesabu. Hakufika hata mbili.

"Nashukuru kusikia kwamba u mzima. Siku njema!" ikasema sauti yake, na simu ikakatika.

Alipompata Injinia Lwitiko kwa simu ilikuwa adhuhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lwitiko, sekunde zangu kumi ziko wapi?"

"Mama, tumepiga hesabu. Sekunde kumi kwa watu milioni ishirini ni miaka sita ya kimya kila asubuhi. Serikali haiwezi kukaa kimya miaka sita kila siku."

"Mbona kwa mambo mengine inaweza?"

Lwitiko alisema hilo ni la wizara nyingine.

"Na 'Enhe' zangu arobaini?"

"Kompyuta haikuzielewa, mama. Si swali, si jibu, si neno la kamusi. Ikaziweka kwenye fungu la kelele." Kisha akaongeza kwa upole, kama mtu anayempa mfiwa habari nzuri, "Lakini mama, watu wanajibu! Asilimia tisini na tisa wanapokea simu. Wanakuamini sana."

Bi Zawena aliishusha simu taratibu, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Alijiona mtu aliyeazimwa ufunguo wa nyumba ya jirani, akampa mwizi.

*

Baada ya miezi mitatu matokeo yalitangazwa uwanjani, mbele ya bendi ya jeshi. Asilimia tisini na saba nukta nne ya raia walikuwa hawajambo. Asilimia mbili hawakuwa na simu, hivyo hali zao hazikuwahusu watu. Waliobaki walikuwa walevi waliojibu matusi, wakapelekewa vitamini.

Wageni walikuja kutoka nchi tajiri kuuona muujiza huo. Walipigwa picha na kompyuta. Waziri Lubango alipewa tuzo ya kioo yenye umbo la moyo, akaiinua juu na kusema, "Magonjwa tumeyauliza, na magonjwa yamekana!"

Na kwa kuwa watu walikuwa wazima, zahanati hazikuhitajika tena. Ya Mtakuja ilifungwa siku ya Jumanne, ikafunguliwa Jumatano kuwa Kituo cha Kuchaji Simu, ili raia asikose kujuliwa hali kwa sababu ya betri. Kitanda cha kuzalishia kilipangwa simu, hamsini kwa mara moja. Makabati ya dawa yakawekwa chaja. Bi Zawena aliruhusiwa kuchukua daftari lake, baada ya kukaguliwa na kuonekana kwamba halina taarifa ila maneno ya watu.

Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Sauti ya Taifa. Kifungu cha nne kilisema hakuna mtu, isipokuwa Mfumo wenyewe, atakayemjulia raia hali kwa sauti ya Mfumo au inayofanana nayo. Ofisa wa wilaya alikuja kumsomea Bi Zawena mlangoni, akiwa na huzuni ya kweli usoni.

"Kwa hiyo nikimwamkia mtu nitafungwa?" aliuliza Bi Zawena.

"Mama, ukurasa wa sitini na nane wa mkataba wako. Sauti ni ya Serikali. Wewe umebaki na koo. Sokoni unaruhusiwa kuuliza bei, ila hali ya mtu usiulize."

Kuanzia hapo Bi Zawena akawa anapita njiani akiinamisha kichwa kwa kila anayekutana naye. Waliompenda walimwonea huruma. Wengine walisema amekuwa mkubwa sasa, anasikika nchi nzima, hana haja tena ya kusalimia watu wa Mtakuja.

*

Bi Zawena alikuwa na wifi, dada wa marehemu mumewe, akiitwa Chausiku binti Makame, mwuza vitumbua. Walikuwa wamezeeka pamoja wale wawili, wakigombana kila sikukuu na kupatana kila msiba. Asubuhi moja Bi Zawena alikwenda kwake, akakaa kwenye kigoda jikoni bila kusema kitu, maana sheria ni sheria. Chausiku alikuwa anamimina rojo la mchele kwenye kikaango cha vitumbua.

"Karibu, wifi. Sisi hatujambo," alijisemea Chausiku, akamjibia na yeye. "Na wewe hujambo. Tumemaliza."

Bi Zawena alitazama. Chausiku, ambaye maisha yake yote alitumia mkono wa kulia, alikuwa anamimina kwa kushoto, na ule wa kulia ameubana ubavuni. Bi Zawena akahesabu mpaka kumi. Chausiku akageuza kitumbua kimoja mara nne, mpaka kikaungua.

Basi Bi Zawena akainuka, akamsogelea sikioni kama mwizi, akanong'ona, "Enhe?"

Chausiku akaweka chini upawa. Akaushika mkono wa wifi yake, akauingiza ndani ya khanga, kwenye titi la kulia. Palikuwa na uvimbe mgumu, ukubwa wa kungumanga, na kwapani mwingine mdogo.

"Tangu lini?" alinong'ona Bi Zawena.

"Karibu mwaka."

"Karibu mwaka! Wifi, na hukuniambia?"

Chausiku alimtazama kwa mshangao. "Nikwambie mara ngapi? Kila asubuhi ulinipigia. Najua ni mashine, sikosi akili, lakini ni sauti yako, wifi. Unaniuliza hujambo, nakwambia sijambo. Nangoja unyamaze kama kawaida yako, uniambie enhe, nikwambie. Unaniambia siku njema. Kila siku nangoja. Mwisho nikasema, labda wifi naye amenichoka."

Bi Zawena alilia kwa sauti yake yote, ile ya Serikali. Alikuwa amesalitiwa na waziri na injinia, na hilo lilimuuma, lakini si kama kujua kwamba kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amemsaliti Chausiku karibu mwaka mzima, kila alfajiri, akiwa kitandani kwake.

*

Walipanda basi mpaka hospitali kuu. Bi Zawena alikuwa ameandika barua ya rufaa kwa mkono, yenye kila kitu: upande, ukubwa, kwapa, tarehe. Mlangoni hapakuwa na daktari. Palikuwa na dirisha, na dirishani alikaa dada mmoja mpole aliyeandika namba ya simu ya Chausiku kwenye kompyuta.

"Mama, hongera," alisema. "Una asubuhi mia tatu na kumi na moja mfululizo hujambo. Hata mimi sina."

"Ana uvimbe kwenye titi," alisema Bi Zawena.

"Inawezekana, lakini kwenye Mfumo haumo. Mimi namtibu aliye kwenye Mfumo."

"Huyo aliye kwenye Mfumo haumwi!"

"Ndiyo maana hana haja ya daktari, mama."

Kesho yake saa kumi na mbili Chausiku alipoulizwa hujambo, alitupa malezi yake yote, akasema, "Mimi si mzima. Nina uvimbe." Sauti ya wifi yake ikamjibu kwa uchangamfu, "Jibu lako halilingani na mwenendo wako. Tafadhali jibu tena." Alijibu tena, na tena. Walipouliza, waliambiwa Mfumo hufuata wastani: ili ahesabiwe mgonjwa, lazima aumwe asubuhi nyingi kuliko alizokuwa mzima, yaani asubuhi mia tatu na kumi na mbili. Alizianza siku hiyo hiyo. Uvimbe nao haukumsubiri.

*

Alikuwa kwenye asubuhi ya kumi na tisa pale Waziri Lubango alipokuja nyumbani kwa Bi Zawena. Ilikuwa saa nne mchana. Alikuja kwa miguu, amevaa fulana ya timu na kofia ya mkulima, akaingia kwa mlango wa uani. Jikoni redio ilikuwa inarusha hotuba yake kutoka uwanja wa taifa, moja kwa moja kama ilivyodai yenyewe.

"Ndugu wananchi," ilikuwa inasema redio, "mimi mwenyewe leo ni asubuhi ya mia tatu na thelathini!"

Waziri alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa alidhani ni kiti cha wageni, akakunja magoti. Bi Zawena alisimama. Alimtazama yule mtu, akaona uso wake una rangi ya majivu. Akajua.

"Hujambo, Mheshimiwa?"

"Sijambo, dada yangu."

"Habari za kazi?"

"Nzuri tu."

Hapo Bi Zawena alijua maneno ya kusema. Nashukuru kusikia kwamba u mzima, siku njema. Alikuwa nayo mdomoni kabisa, na mlango ulikuwa wazi. Moja, mbili. Alimwaza Chausiku akimimina kwa mkono wa kushoto. Tano, sita. Alitamani sana kuyasema, na asingelaumiwa na mtu wa Mtakuja. Lakini alikuwa amefanya kazi ile miaka thelathini na mmoja, na kumi ilipotimia mdomo wake ulisema wenyewe.

"Enhe?"

"Ila nakojoa damu, dada," alisema Waziri wa Afya na Taarifa za Afya, akafunika uso kwa kofia, akalia. "Mwezi wa pili sasa. Naogopa. Sijamwambia hata mke wangu."

"Na simu? Hukuiambia simu?"

"Simu!" Alikaribia kucheka. "Mimi ndiye niliyeizindua!"

"Magonjwa yamekana!" ilinguruma redio, na makofi yakafuata. Bi Zawena aliizima. Akamwuliza maswali yote ya kuulizwa, akambonyeza panapobonyezwa, akamwandikia barua, akamwambia kwamba jambo hili halitaki ngojangoja na atibiwe wiki hii. Waziri aliibusu ile barua.

"Nikufanyie nini, dada? Sema chochote."

"Chochote sitaki. Wifi yangu, Chausiku binti Makame. Apokewe hospitali kuu. Neno lako moja tu linatosha."

"Hilo tu?" Waziri akachomoa kalamu, akaandika jina kwenye kiganja chake cha kulia, herufi kubwa, CHAUSIKU MAKAME. Akakiinua. "Naapa kwa kiganja hiki. Sitanawa mpaka alazwe."

Bi Zawena alimwamini. Aibu iliyoje kulisema hilo, lakini alimwamini mara ya pili, kwa sababu alikuwa amemwona analia, na hakujua kwamba watu wa namna ile machozi yao huwa ya kweli kabisa na hayamfungi mtu.

*

Waziri alikwenda nje ya nchi kwa ziara ya kikazi ya wiki sita, kujifunza jinsi mataifa yaliyo nyuma yanavyohangaika na wagonjwa. Bi Zawena na Chausiku walikwenda kila Jumatatu kwenye lile dirisha kuuliza kama neno limefika. Halikufika. Chausiku alipungua mpaka pete zikamtoka vidoleni, akawa anazifunga kwenye pindo la khanga.

Waziri aliporudi alikuwa amenenepa. Kwenye uwanja wa ndege waandishi walimwuliza siri ya afya yake. "Mfumo wetu," alisema, "na kunawa mikono."

Siku ya tatu polisi walimchukua Bi Zawena. Hati ya mashtaka ilisema kwamba tarehe fulani, jikoni kwake, alimjulia hali raia kwa sauti ya Mfumo, bila kibali, na kuongeza kelele isiyoidhinishwa. Shahidi wa kwanza na wa mwisho alikuwa Mheshimiwa Dakta Lubango, aliyeeleza kwamba alikuwa katika ukaguzi wa kushtukiza, ndiyo maana ya ile kofia.

Kabla ya kutoa ushahidi aliinua mkono wa kulia kuapa. Bi Zawena alikaza macho kwenye kile kiganja. Kilikuwa safi, hakina hata doa, na Waziri alikiinua juu sana, ili kila mtu akione. Kwenye benchi la nyuma kabisa alikaa Chausiku, amejifunika khanga mbili ingawa kulikuwa na joto. Naye alikuwa anakitazama.

Upande wa mashtaka ulimwita Injinia Lwitiko athibitishe sauti. Alisimama, akasema, "Shikamoo, mama," kwa mazoea, akathibitisha kwamba ni yenyewe, na kwamba hiyo "Enhe" anaifahamu. Hakumtazama usoni.

Ikabaki utetezi. Zamani mshitakiwa wa nchi ile aliulizwa kama ana la kusema, na kesi zilichelewa sana. Sasa mahakama nazo zilikuwa zimeingizwa kwenye Mfumo, na swali limefupishwa. Hakimu, mtu mzima mwenye miwani na sura ya huruma, alinyanyua kalamu.

"Mshitakiwa, hujambo?"

Bi Zawena alikuwa na mengi. Alikuwa na daftari zima, na watu wa ng'ambo ya mto, na titi la kulia la Chausiku. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa, na mbele yake alikaa mkubwa.

"Sijambo, Mheshimiwa," alisema.

Akasikia alichosema. Akamtazama hakimu machoni, akangoja. Moja. Mbili. Tatu. Hakimu alikuwa ameinama, anaandika: Mshitakiwa hajambo, hana utetezi. Nne. Tano. Akaandika adhabu, kunyamaza miaka miwili, akapuliza wino ukauke. Sita, saba. Waziri alitazama saa yake. Nane. Lwitiko alikuwa anatazama viatu vyake. Tisa. Hakimu alifunga jalada, akanyoosha mkono kuchukua nyundo yake.

"Enhe?"

Ilitoka benchi la nyuma. Sauti haikuwa na nguvu, lakini ilitosha kusikika chumba kizima, na iliinuka kidogo mwishoni, vilevile inavyotakiwa. Chausiku alikuwa amesimama, ameshikilia benchi la mbele yake kwa mkono wa kushoto.

Bi Zawena akageuka, akaipa mahakama mgongo. "Ila, wifi," alisema, na akaanza kueleza.

Karani wa mahakama, ambaye kazi yake ni kuandika kila linalosemwa, alisita. Akamtazama hakimu. Hakimu akatikisa kichwa kukataa. Basi karani akachovya kalamu, akaandika neno moja, kelele, akalipigia mstari, na hata alipokuwa anafunga kitabu chake Bi Zawena alikuwa bado anasema.